Bomba Lililosuuzwa

Juzi, pale Ibighi, nilimwona fundi akiunganisha bomba la kupulizia dawa na kopo la mafuta ya breki la gari. Nikasimama kumtazama mpaka akamaliza.

Baba alifanya hivyohivyo uani kwetu Masukulu, alasiri moja nikiwa mdogo, mvua ilipokatika. Breki za pikapu yake ya kubebea ndizi zilikuwa zimeingia upepo, na bomba alilokuwa nalo lilinuka dawa ya kahawa.

“Lisuuze vizuri, mama Tusa,” alimwambia mama. “Dawa isije ikaharibu breki.”

Mama alilisuuza mpaka harufu ikaisha, akampa likiwa bado linachuruzika maji.

“Ndaga fijo,” baba alishukuru. Akamimina mafuta ya breki humo ndani, akaanza kupampu. Mapovu yalipotoka kwenye kimpira pale gurudumuni, niliyapungia mkono. Nilidhani ni ule upepo wa Mlima Rungwe, unarudi kwao.

Siku chache baadaye breki ziligoma kwenye mteremko mrefu, pikapu ikiwa imejaa ndizi. Baba hakurudi.

Sasa najua: mafuta ya breki yakiingia maji, breki zikipata moto mteremkoni yanachemka, na pedeli inazama bure. Mama hajui. Mpaka leo, akiwa anaosha vyombo, huniuliza, “Tusa, au sikulisuuza vizuri?”

“Ulilisuuza vizuri, mama,” namjibu.

Afadhali ningekuwa namdanganya.