Baba Alipokwenda Kumsalimu Señora

Ashukuriwe Mungu aliyetupa ulimi kabla hatujajua la kusema, na masikio kabla hatujajua nani wa kumsikiliza. Amenifikisha umri ambao baba yangu hakuufikia, nami namshukuru kwa kila asubuhi. Namwomba anishike mkono ninaposimulia habari hii, kwa maana ina uchungu, na uchungu uliokaa sana moyoni hupenda kuongeza yasiyokuwepo.

Juma lililopita tulikuwa kwenye sala ya jumuiya, nyumbani kwa mmoja wetu. Mama aliyekaa kando yangu akafungua kopo la dawa ya kuchua na kujipaka goti taratibu chini ya kitenge, akidhani hakuna anayeona. Harufu ile ya kafuri na mkaratusi ikanipanda puani. Wenzangu walikuwa wamefika fumbo la tatu la rozari. Mimi nilikuwa Euless, mji wa Amerika tulikofikia, kwenye meza ya jikoni, nina miaka kumi na minne. Baba amekaa mbele yangu bila shati, mama anamchua mgongo kabla hajaenda kazini, na mimi na baba tunasema kwa sauti moja, kwa Kihispania: yo hablo, tú hablas, él habla; mimi nasema, wewe wasema, yeye asema.

Sisi ni Warundi tuliolelewa katika kambi ya wakimbizi Kigoma, ndiyo maana hata nyumbani Kiswahili chetu kilikuwa cha Tanzania. Huko kambini baba alikuwa katekista. Amerika ilimpa kazi ya kupakia maboksi usiku katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege, na mama ikampa vitanda vya hoteli vya kutandika. Tulipanga ghorofa ya pili, na ndege zilipita chini kiasi kwamba vikombe vilitetemeka kabatini. Mama alikuwa na kawaida ya kunyamaza katikati ya neno, kusubiri ndege ipite, kisha kulimalizia neno lake palepale alipoliachia.

Mwaka ule niliingia high school, na katika masomo niliyopangiwa kulikuwa na Kihispania cha wanaoanza. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake ikining'inia kifuani kwa mnyororo, naye alitaka tumwite Señora, yaani Bibi, basi. Siku ya kwanza alitugawia karatasi ya mambo aliyoyatarajia kwetu. Nyumbani tusome kila siku, hata kama ni kidogo. Tusome kwa sauti, maana lugha haisomwi kwa macho. Tumsomee mtu, tusiusomee ukuta. Tusiogope kukosea. Tusiiulize simu kila neno. Na juu kabisa ya hayo yote, kwa herufi kubwa ambazo alizibandika pia mlangoni: hapa tunasalimiana kwanza.

Hakufanya mzaha na hilo. Aliyejaribu kupenya hadi kitini bila kumsalimu alirudishwa ukumbini akaanze upya kuingia. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilimpenda papo hapo, kwa sababu tangu tufike Amerika sikuwahi kumwona mtu mzima anayeidai salamu yake kama inavyodaiwa kwetu.

Mengine hayakuniendea vizuri. Shule niliyotoka ilikuwa ya watoto mia moja chini ya turubai moja, na mwalimu wetu alikuwa anaanza neno, sisi tunalimalizia kwa pamoja. Basi Señora aliposema sentensi akavuta pumzi katikati, mimi nikaimalizia kwa sauti kubwa, peke yangu, nikiwa nimesimama wima kwa heshima. Darasa zima likaangua kicheko. Kijana mmoja nyuma yangu akaniuliza kama nimekuja kuapishwa. Señora alinitazama kwanza kama anayepima iwapo nina dharau, kisha akaniambia kwa upole nikae.

Sharti la kumsomea mtu ndilo lililomwingiza baba. Mama jioni alikuwa na shughuli zake, wadogo zangu walinijibu Kiingereza na kukimbia, akabaki baba aliyekaa akichuliwa mgongo. Nikaanza kumsomea. Siku ya pili akasema tusome wote. Naye alijua njia moja tu ya kusoma, ile ya kufundishia katekisimu: yeye anatangulia, mimi naitikia, kisha tunarudia pamoja mpaka maneno yatoke yenyewe.

Mama alitucheka. "Baba Domi, huko kazini utawasalimia maboksi?"

"Maboksi yana adabu," baba akasema. "Hayamcheki mtu anayesoma."

Kumbe alikuwa na hamu aliyokuwa hajaisema. Ghalani karibu wote waliopakia naye walizungumza Kihispania. Aliniambia kwamba amefanya kazi na watu wale mwaka mzima, amenyanyua nao mizigo bega kwa bega, na hajui hata kama mama zao wako hai. Lilimuuma jambo hilo kuliko mgongo.

Kwa hiyo sura ya kwanza ya kitabu, ya salamu, haikutosha kwake. Darasani tuliimaliza upesi tukaendelea na rangi na vyakula. Nyumbani baba alikataa kuondoka hapo. Alitaka kujua unamsalimu vipi aliyefiwa, aliyejifungua, uliyemkuta anakula. Akanituma nimuulize Señora "pole na kazi" wanaisemaje. Señora alivua miwani, akafikiri, akasema kwa kweli hawana neno la namna hiyo. Baba hakuridhika. Akajitengenezea la kwake kutoka maneno tuliyokuwa nayo, na ukilifuata neno kwa neno lilisema: nasikitika kwa sababu ya kazi yako.

Alikwenda nalo ghalani. Mzee mmoja wa Honduras, jina lake Chepe, alicheka hadi akakaa juu ya boksi, na kuanzia usiku huo akawa anakula pamoja na baba. Asubuhi baba alirudi na ndizi zilizokaangwa ndani ya karatasi, na kingine kikubwa zaidi. Kwa mara ya kwanza tangu tufike Amerika, alirudi na habari za mtu. Chepe ana mabinti wawili. Chepe alikuwa na ng'ombe. Mama yake Chepe haoni vizuri siku hizi. Mama yangu aliyetucheka sasa alikuwa anasubiri mlangoni aulize mama yake Chepe ameamkaje.

Kisha ukaja mtihani wa kuzungumza, mtu mmoja mmoja mbele ya Señora. Nilikwenda bila hofu. Señora hakuniambia nianze. Aliniuliza swali kutoka katikati, na mimi sikuwa na katikati. Nilikuwa kama mtoto anayeulizwa amri ya sita, ambaye hawezi kuifikia mpaka apite kwa ya kwanza. Nikaanza na yo, kwa wimbo wetu wa jikoni. Akanikatisha kwa upole, akauliza lingine. Nikarudi tena kwa yo. Aliandika kitu, na uso wake ulisikitika.

Siku chache baadaye mshauri wa wanafunzi akaniita. Akaniambia kuwa wanafikiria kuniondoa kwenye Kihispania na kunipa darasa la nyongeza la Kiingereza, labda nijaribu tena baadaye. Akasema pia kwamba Señora akitaka nibaki, watamsikiliza. Jioni ya wazazi ilikuwa juma lilelile, na baada yake ratiba zingefungwa. Nilirudi nyumbani nikawaeleza wazazi wangu yote hayo, bila kuacha kitu. Nilitaka kubaki, na nilijua kwamba nikiondoka, baba pia ameondoka.

Baba akaomba kuchelewa kazini. Mama alipiga pasi shati jeupe la Pasaka. Njiani nilimsihi.

"Baba, mwombe nibaki. Anza na hilo kabla ya yote."

"Nimekusikia, mama," akaniambia mimi binti yake, na midomo yake ikaendelea kunong'ona Kihispania.

Nje ya darasa kulikuwa na foleni, na kengele ndogo ya mezani iliyolia kila zamu ya mzazi ilipokwisha. Ilipofika zamu yetu, baba alisimama mlangoni, chini ya yale maandishi makubwa, akasubiri aonekane. Kisha akasalimia. Buenas tardes, Señora. Hajambo? Familia haijambo? Señora aliinuka kitini. Hakuna mzazi aliyekuwa amesimama mlangoni pake namna ile. Akajibu kwa furaha, naye akamuuliza ya kwake, na baba akayajibu yote, polepole, kila jibu kwa ukamilifu wake. Akampa na ile pole ya kazi. Señora akashtuka, akanitazama, kisha akaelewa, akacheka kwa sauti.

Tulipokwisha kuketi, chini ya meza niligusa kiatu cha baba kwa kiatu changu. Akasogeza mguu.

Akauliza kama mama yake Señora yuko hai. Señora akasema yuko, Houston, ila nyumba yake iliingia maji na tangu hapo afya haijamrudia, na yeye binti yake yuko huku anafundisha. Alisema taratibu, kwa maneno mepesi, ili baba aelewe. Baba akaelewa. Akamwambia tunamwombea. Akamuuliza jina la mama yake, ili katika sala amtaje. Señora akalitaja, akavua miwani na kuifuta, na kengele ikalia.

Mzazi aliyefuata alikuwa tayari ndani ya mlango, amekunja mkono kuitazama saa yake. Baba akainuka, akampa Señora mkono wa kulia huku wa kushoto ameushika kiwikoni, kama tunavyompa mtu wa heshima. Nikasema haraka, kwa Kiingereza, kwamba kuna jambo la darasa langu. Señora akaniwekea mkono begani. "Baba yako ni mtu mwema sana," akasema, na macho yake yakaenda kwa mwingine.

Ukumbini baba alikuwa anang'aa.

"Baba, hukumwomba."

"Domi, mtu humwendei mara ya kwanza na shida mkononi. Atadhani salamu zako zilikuwa chambo. Leo tumejuana. Juma lijalo narudi na jambo letu, naye atalipokea kama la ndugu yake."

Nikamwambia hakuna juma lijalo, kwamba ni leo tu. Akaniuliza, bila ubishi wowote, kama Señora si anafanya kazi palepale.

Jumatatu ratiba yangu ilibadilika. Juma lilelile alilosema, baba alirudi. Nilikuwa natoka kwenye darasa jipya nilipomwona kupitia kioo cha mapokezi, na shati lile jeupe, ameshika mandazi ya mama yaliyofungwa kwa karatasi ya foili. Dada wa mapokezi alikuwa anamweleza kwamba mwalimu yuko darasani, kwamba watu huandika barua pepe kwanza, kwamba ndani hapiti. Baba aliitikia kwa kichwa. Akamwachia yule dada mandazi, amfikishie Señora pamoja na salamu kwa mama yake aliyeko Houston. Kama yalifika, sijui. Mimi na Señora tulipishana ukumbini mara kadhaa baadaye. Nilimsalimu, akanijibu vizuri, akiwa anakwenda.

Jioni zetu zikanyamaza. Harufu ya dawa ilikuwa ileile, mama alichua mgongo uleule, na mimi nilifanya kazi za Kiingereza kwenye kona ya meza, kimya, maana zile hazikuhitaji kusomewa mtu. Baba aliendelea na maneno aliyokuwa nayo. Lakini Chepe naye akahamia ghala lingine, na vijana waliokuja walikula wakitazama simu. Baba akawa anarudi tena asubuhi bila habari za mtu. Mama aliendelea kidogo kusimama mlangoni, kisha akaacha.

Kwa miaka mingi nilimwonea baba yangu uchungu uliochanganyika na hasira. Niliamini kwamba alipewa dakika chache za maana akazimwaga kwenye salamu. Nilijiambia kwamba hakuielewa Amerika, na kwamba mimi nitaielewa.

Nami niliielewa. Nilipokuwa mzazi, nikikaa na familia yangu mjini Plano, niliitwa shuleni kwa ajili ya mwanangu. Nilisema jambo langu kabla kiti hakijapata joto. Mwalimu akakubali palepale. Tukabaki na dakika kadhaa, tukitazamana, hakuna aliyejua la kumwambia mwenzake, nikaaga. Nyumbani mume wangu akauliza mwalimu mwenyewe yukoje. Sikuweza kumwambia hata kama alivaa miwani.

Niliketi jikoni usiku ule nikaikumbuka ile karatasi. Kila siku. Kwa sauti. Kwa mtu. Bila hofu ya kukosea. Tunasalimiana kwanza. Katika darasa zima hakuwepo aliyeyashika yale masharti kama mzee mmoja ambaye hakuwa mwanafunzi, na ambaye hakuna aliyempa alama. Señora aliyaamini alipoyaandika, nina hakika. Ila kengele yake haikuwa imeyasoma.

Baba alikuwa amekwisha kuzikwa nilipoyaelewa haya, kwa hiyo sikuwa na wa kumwambia. Hadi mwisho wake jina la yule mama wa Houston lilikuwamo katika sala zake za jioni, kati ya jina la bibi yangu na la mama yake Chepe, na sisi tuliokaa naye tuliitikia amina kwa watu ambao hatukuwahi kuwaona.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akupe mtu wa kukuuliza habari za mama yako, na akupe nafasi ya kumjibu mpaka umalize.