Kitabu kilekile, sauti nyingine: kanda za dada yangu Nduta pale Jericho

Wakuu, niaje. Wakubwa shikamooni, vijana sasa.

Hii stori ni yangu mwenyewe, sikuiokota mahali. Mwenye kubisha aje mtaani kwetu Jericho nimwonyeshe hata dirisha la nyumba yetu.

Nimeikumbuka kwa sababu ya binti yangu. Juzi alinunua audiobook ya hadithi ya vijana, akasikiliza kidogo, akaifuta. Nikamuuliza, kwani kitabu ni kibaya?

"Kitabu kiko poa, Dad. Huyo anayesoma ndiye ananiboesha."

Mama yake akacheka. Mimi sikucheka, nilimkumbuka Nduta.

Turudi miaka ya themanini. Dada yangu alikuwa Form Two na alipenda vitabu kupita kiasi. Alisoma hata akipika, na sufuria za mathe, mama yetu, zilizoungua kwa ajili hiyo ni nyingi. Siku moja chupa ya asidi ikapasuka kwenye lab ya shule, ikamrukia machoni.

Hospitali wakamfunga bandeji macho yote mawili, wakasema tungoje. Hakuna aliyetuambia tungoje nini.

Likizo yote iliyofuata Nduta alilala amegeukia ukuta. Chakula anaonja tu. Swali lake lilikuwa moja: "Mathe, nisiposoma tena, nitakuwa nikifanya nini?"

 Mathe alikuwa anatoka nje kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Basi vijana wa parokia wakasikia. Watu wa kanisa mnawajua, jambo lolote ni harambee. Wakaamua kumsomea riwaya ya vijana kwenye kanda, naye asikilize kwa redio kaseti yetu. Wazo zuri kabisa, Mungu awabariki.

Lakini ili kila mtu apate baraka, wakagawana sura. Kila mtu na yake! Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Sura ya kwanza ilipewa katekista, kwa heshima ya cheo. Hadithi yenyewe ni ya msichana Tabitha anayetoroka boarding kwenda kumtafuta babake. Yule mzee aliisoma kama somo la pili la Jumapili. Polepole, kila neno limepigwa pasi. Alipomaliza sura akasahau alipo, akasema, "Neno la Bwana."

Sasa, kuta zetu zilikuwa nyembamba na dirisha liko karibu na mfereji. Akina mama waliokuwa wakichota maji wakaitikia kwa pamoja, "Tumshukuru Mungu!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nduta hata hakutabasamu.

Sura ya pili alisoma mwenyekiti wa vijana, Josphat, ambaye alijiona mtangazaji wa mpira. Tabitha akiruka ua, Josphat anapiga kelele utadhani bao limeingia.

Ya tatu ilikuwa ya Mama Muthoni, wa chama cha akina mama. Sauti yake tamu kweli, siwezi kumsingizia. Ila kulikuwa na mahali kijana anaitwa Ouma anamvulia Tabitha sweta kwenye mvua. Hapo mama wa watu akakohoa, tukasikia kurasa zikigeuzwa mbio mbio, na tahamaki wale wawili wako kituo cha polisi asubuhi! Walifikaje? Hakuna ajuaye.

Nduta akazima redio kwa hasira. "Hawa wananisomea ama wananichunga?"

Akageukia ukuta tena. Safari hii hata kile chakula cha kuonja alikataa, na ndipo mathe alipoanza kuogopa kikweli.

Jioni hiyo akaja Zuhura kumjulia hali. Zuhura alikuwa rika la Nduta, binti wa jirani mwenye duka, familia iliyotoka Mombasa. Wao ni Waislamu, kwa hiyo kwenye harambee ya parokia hakuna aliyekumbuka kumpa sura. Alileta mkate wa sinia uliotoka kwa mamake.

Nduta akamwambia, "Zuhu, chukua hicho kitabu uniambie walifanya nini kwenye mvua."

Zuhura akaanza kusoma. Mathe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaja mwenyewe akabonyeza rekodi.

Tusidanganyane, hakuwa msomaji mzuri. Alikwama, akarudi nyuma, akaruka nukta. Lakini alisoma kama mtu anayetaka kujua itakuwaje. Sweta ilipovuliwa akasema, "Ehee!" Ouma alipotoa uongo wake wa kwanza, akaacha kusoma kabisa, akamkaripia Tabitha:

"We mtoto we, huyo anakuchezea! Nduta, si anamchezea?"

"Wacha umbea, soma!" Nduta akamjibu.

Wakuu, alikuwa ameketi. Nduta wetu alikuwa ameketi kitandani! Akaomba chai, akala mkate wa watu karibu wote. Mathe akaenda jikoni nikamsikia akiimba.

Ikawa kila jioni Zuhura anakuja, na mchana Nduta anarudia kanda. Ndani unasikia kuku wa jirani, unasikia mama yake Zuhura akimwita, naye anajibu, "Naja, mama, Tabitha yuko matatani!" Wale akina mama wa mfereji wakaanza kuchota maji taratibu ajabu.

Tabitha alipogundua babake alishazikwa, Zuhura alilia kwenye kanda na hakufuta. Hapo Nduta alirudia zaidi kuliko mahali pengine popote.

Siku ya bandeji kutolewa tulienda wote. Daktari hakuzunguka. Ataona mwanga, ataona mtu akipita, lakini maandishi ya kitabu asahau.

Mathe alikaa chini sakafuni pale pale. Mimi nililia, nasema bila aibu. Nduta, machozi yanamtiririka, akashika mkono wa mathe.

"Tukifika nyumbani," akasema, "mwambie Zuhura atafute kingine. Kirefu."

Ndiyo maana siwezi kumcheka binti yangu. Sauti tamu bila moyo haifiki popote, na kijana anajua mara moja kama msomaji yuko naye ndani ya hadithi au amesimama juu yake na fimbo. Atakayesema kitabu ni kitabu, nani anakisoma haijalishi, huyo hajawahi kufungwa macho.

Haya, uwanja ni wenu. Nani aliwahi kukusomea ukasahau shida zako? Na nani alikuharibia kitabu kizuri? Mwageni hapa, nimeshachemsha chai, ninasoma zote.