Makofi ya Hina

Kila ninaponusa hina mbichi, ncha za vidole vya mkono wangu wa kushoto huniwasha.

Nilikuwa najifundisha mwenyewe gitaa aliloniachia mjomba. Sauti zilinipotea katikati ya vile vyuma vya shingo ya gitaa, na mimi niliogopa kosa kuliko bakora. Kila nilipokosea, nilirudi mwanzo. Mwezi mzima sikufika mwisho wa wimbo hata mmoja. Alasiri ya kuamkia Idi nililisukuma gitaa mvunguni, nikaapa sitaligusa tena.

Bibi alikuwa amekaa mkekani, mikono na miguu imejaa maua ya hina, anangoja yakauke.

"Kwani huo wimbo wako hauna mwisho?" akaniuliza.

"Nakosea, Bibi."

"Kosea, lakini usirudi nyuma. Mie leo nna hina, hata kukukimbia siwezi."

Nilicheka, nikalitoa gitaa. Nilikosea mara nyingi, nyuzi zikanichoma vidole, nikafika mwisho. Bibi akajisahau akapiga makofi, maua yote ya viganjani yakavurugika.

Asubuhi alikwenda kupeana mikono ya Idi na viganja vyake vilevile. Kila aliyemuuliza alimjibu, "Mjukuu wangu kamaliza wimbo."