Kitanda cha Vidole Vitatu

Mgongo wa Mzee Cheche ulishastaafu, mwenyewe tu ndiye hakuambiwa. Mchana kutwa alichomelea vyuma. Asubuhi na jioni alimnyanyua mkewe, aliyepooza upande mmoja tangu kiharusi, amwegemeze kwenye mito apate kula. Kila akimnyanyua aliguna. Alijaribu kuubana mguno usitoke, lakini wapi! Mkewe naye aliusikia, akageuza uso ukutani.

Ndipo akawazia kitanda ambacho ukizungusha mpini, mgonjwa anainuka bila kunyanyuliwa. Peke yake asingekiweza. Akamwendea Randa, seremala wa jirani, na Mama Sponji, mshona magodoro wa ng'ambo ya barabara. Wakaenda kuomba kazi hospitali, nayo ikasema: leteni kimoja tukione, kikitufaa mtatutengenezea thelathini. Wakakubaliana kila mmoja atoe mali yake: chuma, mbao, sponji. Wakipata kazi, cha kwanza kitakwenda kwa mke wa Mzee Cheche. Wakikosa, wakifumue, kila mtu achukue chake.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema Mama Sponji, na wote wakaitikia.

Miezi miwili walihangaika. Mpini ulikwama, wakaufungua. Ukakwama tena, wakatukanana, wakaufungua. Mzee Cheche alichoka hadi akawa anasinzia kasimama. Siku ya siku wakakisukuma hadi hospitali, kinang'aa. Mlango wa wodi ukakikataa.

Wakakilaza ubavu, mpini ukagonga fremu. Wakakirudisha nyuma, wakakijaribu tena kana kwamba mlango ungeona haya. Muuguzi mkuu akawatazama kwa huruma.

"Wazee wangu, kazi nzuri. Ila mgonjwa wangu atalala koridoni?"

"Upana tuliandika!" Randa akafoka. "Nani kazidisha?"

Mzee Cheche akakiri. "Mimi niliongeza upana wa kidole. Nilihofia mbao zako zisije zikabanwa."

Randa akakuna kichwa. "Basi na mimi niliongeza kimoja. Godoro la mama lipumue."

Wakamgeukia Mama Sponji. "Msinitazame hivyo," akasema. "Nilijaza kidogo pembeni. Kidole tu. Mgonjwa asiumizwe na mbao zenu."

Jamani! Watu watatu, kila mmoja na wema wake, na hakuna aliyemwambia mwenziwe. Hata kugombana hawakuwa na nguvu. Muuguzi akawaambia hospitali haiwezi kusubiri, vitanda vitaagizwa kwingine, akaingia zake ndani.

Wakakisukuma kurudi. Mzee Cheche alikuwa akiwaza jioni ile tu, mito, na mguno wake. Walipofika karakana akaenda kuchukua spana.

"Ya nini?" akauliza Mama Sponji.

"Tufumue. Si ndivyo tulivyokubaliana?"

Randa akamshika mkono. "Mlango wa chumba chenu una upana gani?"

"Mwembamba kuliko wa hospitali. Usinichoshe, ndugu yangu, nimechoka tayari."

"Mlango ni mbao," akasema Randa. "Mbao kazi yangu." Akabeba msumeno na patasi, wakakisukuma kitanda hadi nyumbani kwa Mzee Cheche.

Randa aling'oa fremu nzima, vumbi likajaa chumbani, mke wa Mzee Cheche akakohoa na kuuliza kama wanabomoa nyumba naye akiwa ndani. Kitanda kikapita. Mama Sponji akashika miguu, wanaume mabega, wakamhamisha mgonjwa. Kisha Randa na Mama Sponji wakatoka kwenda kuokota misumari uani, ingawa misumari yenyewe haikuzidi minne.

Mzee Cheche akauzungusha mpini. Ulilia kidogo, ukaenda. Mkewe akapanda polepole mpaka akakaa, uso kwa uso na mumewe. Alikuwa hajamtazama hivyo kwa mwaka mzima.

"Mume wangu," akasema, ulimi ukiwa mzito, "leo hujaguna."

Mzee Cheche akakaa chini sakafuni, kwenye vumbi la mlango wake, akalia.