Rangi Ikizidi

Fundi wetu wa magari hutia rangi kwenye oili ya injini ili aone inapovuja, na huipima kwa subira ya ajabu. Huchota oili kidogo kwenye kichupa, akakimulika kwa taa ya zambarau inayoifanya rangi ing'ae kijani, akakilinganisha na vichupa saba vya dirishani, huku akinong'ona kana kwamba rangi imelala.

"Ikizidi, jirani," huniambia, "injini nzima inang'aa. Hujui pa kuziba."

Jana alifunga mlango ili tupate giza, nikamshikia taa. Nilipogeuka, mwanga ukaangukia koti la marehemu mkewe, lililotundikwa ukutani. Mkono mmoja wa koti uling'aa kijani mpaka begani, alama za vidole juu ya alama za vidole.

Alilitazama kitambo.

"Hapo imezidi," akasema, akanishika mkono na kuurudisha mwanga kwenye injini.