Mama Aliporudi Kutoka Mji wa Mto

Mama alirudi kutoka Ujerumani mwezi wa kumi, na nyumba yetu ya Ngara ikawa haina habari nyingine. Alikwenda kumtembelea mdogo wangu, aliyeolewa huko katika mji wa kale ulio kando ya mto. Mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege, na mimi ndiye niliyekwenda kumpokea. Alinikumbatia, na hata kwenye gari hatujafika, akaanza.

"Wana lango la mawe meusi, mwanangu, limejengwa na Warumi. Watu wanapita chini yake hivi hivi, kama wanaokwenda sokoni."

Na mto! Maji safi, meli zinapita polepole, watu ndani wanakula. Vilima vya pande zote mbili vimepandwa mizabibu mpaka juu.

"Nikauliza haya mashamba yote ni ya nini. Mdogo wako akacheka, akasema ya mvinyo. Nikasema astaghfirullahi! Lakini kutazama si kunywa, nikaendelea kutazama."

Zabibu zenyewe alizionja. Ndogo, alisema, zina uchachu kwa sababu ya baridi, halafu utamu unakuja nyuma.

Jirani yetu wa mlango wa pili, mama kutoka Kakamega, alikuja kila jioni kusikiliza. "Woi, mama, sasa wewe ni mtu wa majuu!" alimwambia, na Mama akajifunga vizuri koti la sufu alilonunuliwa huko. Mimi nilikuwa jikoni nawakaangia mahamri, na kila "mdogo wako" iliyotoka sebuleni ilinichoma kuliko mafuta. Mimi ndiye ninayeishi naye. Mimi ndiye ninayejua dawa ipi ya presha inamletea kizunguzungu. Mdogo wangu alikaa naye mwezi mmoja tu, na mwezi huo ukafunika miaka yangu yote.

Kwa muda mrefu nilikuwa nimemwomba twende Kinoo akaione nyumba ninayojenga. Kila mara alikuwa na jibu: magoti, baridi, kilima cha kupanda mpaka huko.

Siku moja jirani akaomba kuona picha. Mama akafungua video kwenye simu. Nikaja na sinia, nikasimama nyuma yao. Mama alikuwa anapanda ngazi za mawe katikati ya mizabibu, mdogo wangu amemshika mkono, naye Mama anacheka kama msichana. Alipofika juu akautazama mto kule chini, akasema, "Ningejua, ningekuja zamani."

"Kumbe hayo magoti yanauma Kinoo tu," nikasema.

Jirani akaaga upesi, hata hamri hakumaliza. Mama akazima simu.

"Kule nilikuwa mgeni," akasema. "Mgeni akiambiwa panda, anapanda. Usiku nililia na magoti haya, namficha mdogo wako. Hapa ni kwangu. Kwako wewe naweza kusema sitaki."

Labda ilikuwa sifa. Mimi nilisikia jambo moja tu: mdogo wangu alipewa kicheko, mimi nikapewa magoti.

Tangu hapo hakuutaja tena ule mji mbele yangu. Nilidhani nitapumzika. Badala yake nikamkuta kwenye ngazi za jengo akimsimulia jirani kwa sauti ya chini, na nilipopita wakanyamaza wote wawili. Hapo wivu ukanishika upya. Sasa hata hadithi zenyewe nilikuwa nimezikosa, na ni mdomo wangu ulionikosesha.

Jumapili asubuhi tulikuwa tunachambua mchicha. Nikamwuliza bila kumtazama, "Huo mto wao, una samaki?"

Akavunja shina moja la mchicha, kama anayepima upepo wangu.

"Wapo," akasema. "Lakini hawana ladha. Siku moja mdogo wako alinipikia mmoja, akamtia siagi…"

Akaendelea mpaka mchicha ukaisha, tukaingia kwenye vitunguu. Kinoo hajafika mpaka leo. Roho iliniuma kila alipomtaja mdogo wangu, lakini sikumkatiza, na aliponyamaza ili anywe chai nikamwuliza huyo samaki walimla na nini.