Nzi Mwenye Helmeti

Asubuhi zote za msimu ule niliamshwa na kikohozi. Hakikuwa cha mgonjwa. Kilitoka nyuma ya nyumba, kwenye bafu la makuti, mara tatu, kikavu na chenye madaraka, kikafuatwa na ukimya mfupi, kisha kicheko cha baba yangu kilichozibwa na taulo. Mama alikuwa akipuliza moto wa chai, na moshi wa kuni mbichi uliingia hadi chumbani kwetu pamoja na sauti yake ya chini: "Huyu mwanaume atatuhamisha nyumba hii." Baba alikuwa akijifunza kukohoa kama Bwana Shauri, Mwingereza aliyetawala wilaya, ambaye yeye alikuwa karani wake. Nyumba yetu ya Temeke, vyumba viwili vya saruji na bati, ilikuwa ya serikali na ilikwenda pamoja na kazi. Kazi ikipotea, na nyumba imepotea. Hilo nililijua hata mimi wa miaka tisa, ndiyo maana kikohozi kile kilinichekesha na kuninyima raha kwa wakati mmoja.

Aliyemtia baba wazimu huo alikuwa mzungu mwingine, Bwana Gwilimu. Tulimwita hivyo kwa sababu jina lake la pili lilitushinda kabisa. Alikuwa mfupi, mwekundu, na hakuweza kukaa kitini. Ukimpa kigoda barazani anakalia dakika moja, ya pili yuko uani anaiga kuku wetu, ya tatu amerudi anamenya muhogo wa kuchemsha huku anatembea. Kiswahili chake alikiokota jeshini, na neno alilolirudia kuliko yote lilikuwa hili: "Mimi hapana Mwingereza!" Alitoka Welisi, nchi ambayo kwa maelezo yake imebanwa ubavuni mwa Uingereza na ina lugha yake yenyewe. Bibi yake aliadhibiwa shuleni kwa kuisema. Baba yake alichimba makaa ya mawe, na yeye alipofika umri wa kushuka mgodini alitoroka na kundi la wachekeshaji waliokuwa wakitembea mji kwa mji. Alifukuzwa kwenye kumbi tatu: ule wa kwanza kwa kubadilisha maneno ya mchezo, wa pili kwa kumwiga mwenye ukumbi mbele ya watazamaji, wa tatu hata sababu aliisahau. Wakati wa vita walimpa kazi ya kuwachekesha askari. Akamwiga jenerali, akalala mahabusu. Mwisho kwao hakuna aliyemtaka tena, ndipo serikali ikamleta Dar es Salaam kutufundisha, kwa maigizo, kuchimba vyoo na kuogopa nzi. Nadhani hakuna mtu aliyesoma barua zake za nyuma kabla ya kumpa kazi hiyo.

Bwana Gwilimu alimchagua baba kuwa mwigizaji wake mkubwa, na siku moja akaja kumtafuta kwa ajili ya mazoezi. Hakumkuta nyumbani, akaelekezwa msibani nyumba ya tatu, kwa Bwana Kondo, seremala, aliyekuwa amefiwa na baba mdogo. Alipofika alimkuta karani wa Bwana Shauri amelala kifudifudi mlangoni, amevaa kanzu ya marehemu, anazuia jeneza lisitoke. "Huyu mzee alininyima tumbaku miaka sita!" baba alikuwa anapiga kelele. "Leo anataka kupita bila kuniaga? Hapiti!" Na wafiwa, macho yao mekundu kwa kulia, walikuwa wanacheka. Mwenye msiba mwenyewe, Bwana Kondo, alikuwa amejishika mbavu. Sisi ni Wanyamwezi na Kondo ni Mzaramo, na makabila hayo mawili ni watani tangu babu zetu waliposhuka pwani na misafara. Mtani anakutukana mbele za watu, anavaa nguo za maiti wako, analala njiani mpaka apewe chochote, hata jogoo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Akikosa kuja ndipo unakasirika.

Bwana Gwilimu alisimama pale kimya kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu. Jioni ile barazani alimtaka baba amweleze, na baba akamweleza kwa utaratibu wa kikarani, nani ni mtani wa nani na kwa nini. Mzungu akapiga goti lake kofi. "Lakini sisi na Mwingereza ni hivyo hivyo! Mwelisi na Mwingereza ni watani. Miaka mia mingi!" Baba akamtazama sana. "Kweli? Na hawakasiriki?" Bwana Gwilimu akajibu, "Hapana kasirika. Cheka tu." Hapo akamtaka baba, ambaye angekuwa Nzi wa mchezo, amwige Bwana Shauri. Baba alikuwa mtu mwenye akili, aliyesoma magazeti na kuandika barua za mtaa mzima, lakini neno hilo alilimeza bila kutafuna. Kwake utani haukuwa kitu cha kusingiziwa. Mtu hawezi kusema fulani ni mtani wangu kama si kweli, sawasawa na asivyoweza kusema fulani ni mama yangu. Akamwambia mama, "Maneno ni ya Mwelisi, mimi ni mdomo tu. Bwana Shauri atacheka." Mama akaendelea kuchambua mchele, akamwita kwa jina langu: "Baba Kabula, na asipocheka?"

Mchezo ulifanyika Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa bati, joto la kuivisha mkate. Bwana Shauri na mkewe walikaa mbele, kwenye viti viwili vilivyoletwa na lori. Kondo alikuwa ametengeneza mabawa kwa fito na chandarua, na mimi nilikuwa nimeyashika na kuyanusa gundi yake mchana kutwa kwa wasiwasi. Kisha Nzi akaingia. Badala ya kuingia akivuma kama tulivyozoea kwenye mazoezi ya mwanzo, aliingia akitembea polepole, mikono nyuma, kichwani helmeti nyeupe ya Bwana Gwilimu. Akakohoa mara tatu. Ukumbi mzima ulikitambua kikohozi kile. Nzi akatua kwenye sahani ya mwenye nyumba, akaonja, akasema, "Hii pia ni ya serikali." Akatua kwenye kitanda, akasema hivyo hivyo. Watu walianguka kwenye mabenchi. Niliona vizee waliokuwa hawajacheka mwaka mzima wakifuta machozi kwa kanga, wote wakimtazama Bwana Shauri kwa mapenzi kabisa, wakisubiri na yeye acheke kama mtani afanyavyo. Shingo yake ilipanda wekundu kuanzia kwenye kola. Mkewe alicheka kidogo, kisha akaacha. Bwana Shauri akasimama, akakohoa mara tatu bila kukusudia, na ukumbi ukapasuka upya. Akatoka. Mimi nilikuwa nimeacha kucheka zamani.

Kesho yake baba aliwekewa karatasi mezani. Iliandikwa kwamba alidanganywa na Bwana Gwilimu, hakujua maana ya alichokifanya. Akitia sahihi, abaki kazini. Asipotia, tutoke nyumbani kabla ya Ijumaa. Bwana Gwilimu yeye alishapewa safari ya meli ya kwanza. Siku tatu baba hakula vizuri. Alikuwa anazunguka uani kama amepoteza funguo, na mama alianza kufunga vyombo kimyakimya kwenye gunia, akivifungua tena kila alipohitaji sufuria. Nikamwambia baba atie sahihi. Nilimwambia nikilia, kwa sababu nilikipenda chumba kile, na shule ilikuwa karibu, na sikutaka kwenda kuishi kwenye mashamba ya Mwananyamala ambako binti wa tarishi aliyefukuzwa alihamia, hatukumwona tena. Alhamisi akaja Bwana Gwilimu, amevaa vizuri, na safari hii alikaa kitini. "Andika jina lako," alimwambia baba. "Mimi zoea kufukuzwa." Baba akasema hawezi kumsaliti mtu kwa jambo la utani. Mzungu akainamisha kichwa. "Hapana utani," akasema. "Mimi nilisema uongo. Waingereza hapana watani yetu. Ni mabwana yetu, kama kwa nyinyi." Baba akamtazama usoni. Sikuwahi kumwona mtu mzima ameumia vile. Kisha akachukua kalamu.

Kwa hiyo tulibaki. Nilimaliza shule nikitokea nyumba ile, na sitajifanya kwamba sikufurahi. Lakini kikohozi cha bafuni kiliisha. Baba alikuwa akisema, "Kila neno la karatasi ile ni kweli, na mimi ni mwongo." Wazaramo walipofiwa alikwenda, akakaa mkekani na wageni wengine, akatoa pole kwa heshima, akarudi. Kondo alimchokoza miaka na miaka. "Mtani, kaka yangu amekufa, huji hata kuiba kiatu chake?" Baba alitabasamu tu. Nilijua kwamba sehemu ya kicheko chake niliiuza mimi ili nipate pa kulala, na hilo sikumwambia mpaka akafa, uhuru ukiwa umeshapatikana zamani. Siku ya kumzika, wakati vijana wanalinyanyua jeneza, tulisikia mlangoni kikohozi. Mara tatu. Kondo, mzee wa mkongojo sasa, alikuwa amesimama kizingitini na helmeti nyeupe kichwani, imepasuka ukingo, rangi ya maziwa yaliyolala. Bwana Gwilimu aliiacha karakanani kwa Kondo siku ya kuondoka, naye Kondo akaificha miaka yote. "Maiti hii," akasema, "pia ni ya serikali." Nilicheka mpaka nikapiga magoti, nikalia hapo hapo, na sikujua lipi lilianza.

Kondo naye amekwenda. Temeke ya leo imejaa ghorofa na spika, na wachekeshaji wapo kwenye simu, wajukuu zangu wanawaangalia peke yao kila mmoja na kioo chake. Hodari kweli wachekeshaji hao, wanawasema wakubwa tusiodhubutu kuwataja enzi zile. Lakini ukiwauliza wajukuu hao watani wao ni nani, wanatazamana. Hilo linanikosesha usingizi wa mchana, maana umri wangu si wa kungoja. Wiki iliyopita nilimwita jirani yangu Mama Zuhura, muuza vitumbua, ambaye ni Mzaramo baba na mama. Nikampa helmeti, niliyoachiwa na Kondo, nikamfundisha kikohozi cha siku ya kunizika. "Bibi jamani, mie nitaweza wapi?" akasema. "Wanao si watanitoa mbio?" Nikamwambia watamtoa, kisha watacheka. Alikohoa vibaya mara ya kwanza, ya pili ikawa afadhali. Sasa kila alfajiri, akiwasha jiko la vitumbua upande wa pili wa ukuta, namsikia anajaribu, nami nimelala nahesabu: moja, mbili, na ile ya tatu bado anaikosea, kwa hiyo sifi.